Kutyuni injini na gia boksi ukiwa Mwanza: kwanza pumzi ya gari, laptopu baadaye

Mdogo wangu alinunua Toyota IST Dar es Salaam, akaja nayo Mwanza. Haukupita mwezi akanipigia: "Kaka, nadhani niliuziwa gari bovu. Dar lilikuwa linachomoka, huku nikipanda mlima wa Isamilo linahema kama nimebeba mawe ya Bismarck ya pale ziwani." Alishapata na mtu wa kumsaidia, aliyemwahidi "kuongeza farasi", yaani nguvu za injini, kwa laptopu, jioni moja tu, akisubiri hapo hapo.

Gari lilikuwa zima. Kilichopungua ni hewa. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kuanzia hapo. Presha ya hewa kwetu ni kilopaskali 88 hivi, Dar ni 101. Injini isiyo na tabo hunyonya hewa kwa nguvu zake yenyewe, kwa hiyo hewa ikipungua asilimia 13 na nguvu hupungua karibu kiasi hicho. IST yenye injini ya 1NZ-FE ilitoka kiwandani na farasi 109. Ikifika Kirumba, hata ikiwa mpya kabisa, zimebaki kama 95. Hakuna laptopu inayoongeza hewa angani.

Mwenye tabo ana nafuu, maana tabo inaisukuma hewa ndani, ila na yeye ana deni lake, nitalifikia. Hatua ninazoandika hapa ndizo ninazozifuata mimi, kwa mpangilio huu. Nimeshawahi kuuvuruga mpangilio, na nililipia injini nzima.

Hatua ya 1: Soma gari kabla hujaligusa

Nunua kifaa kidogo cha bluetuthi cha kuchomeka kwenye tundu la OBD, lile la kusomea makosa ya gari, chini ya usukani, weka programu kwenye simu. Hiki cha bei ndogo hatukitumii kubadilisha mapu, yaani majedwali ya petroli na cheche yaliyo ndani ya kontrolboksi (kompyuta ya injini). Kazi yake hapa ni kusoma tu, na kusoma ndiko tunakokutaka.

Washa swichi bila kupiga stata. Kama gari lako lina sensa ya presha ya manifoldi au ya hewa ya nje, itazame inasema ngapi. Mwanza inatakiwa kusoma 88 au 89. Ikikuandikia 101 ukiwa Nyakato, sensa inadanganya, na kontrolboksi inapimia petroli hewa ambayo haipo.

Sasa piga stata, acha injini ipate moto wake wa kawaida, kisha angalia marekebisho ya petroli, yale ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kontrolboksi inaongeza au kupunguza. Yakicheza ndani ya asilimia 5 juu au chini, nenda hatua inayofuata kwa amani. Yakipita 10 kwenda juu, injini inaomba petroli zaidi: pengine hewa inaingia pembeni kupitia mpira uliopasuka, sensa ya hewa imechafuka, au pampu imechoka. Yakishuka chini sana, kuna nozeli inayovuja au sensa ya oksijeni imekufa. Ukitia mapu mpya juu ya tatizo hilo, umelifunika tu.

Hatua ya 2: Rudisha farasi waliopotea

Nguvu nyingi utaipata hapa, tena kwa bei ndogo, ndiyo maana wanaouza remapu (kuandika mapu mpya) hawapapendi.

Anza na eyakilina, chujio la hewa. Kama unazunguka Buhongwa kwenye barabara za vumbi, usingoje kilomita za kwenye kitabu. Itoe, ielekeze kwenye jua. Usipoona mwanga unapita, imekwisha. Kuipuliza kwa kompresa ni kujidanganya, maana upepo unatoboa karatasi na vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Fuata plagi na koili. Gari likimisi ukikanyaga ghafla kwenye gia ya juu, mara nyingi ni koili moja. Hamisha koili ya silinda 1 uiweke ya 3, soma tena. Kosa likihama pamoja na koili, umempata mwizi bila kununua koili nne. Plagi fungua zote, uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda, maana kila moja ina habari yake. Safisha throto na sensa ya hewa, ila sensa ya hewa ina dawa yake maalumu. Dawa ya kabureta huacha utando kwenye kile kijiwaya, na gari huwa zito kuliko lilivyokuja.

Masega ya ekzozi, yale yanayosafisha moshi, yakiziba, injini inavuta pumzi ndani isiweze kuitoa. Dalili ni gari kuwa zuri hadi mizunguko 3,000 kwa dakika kisha kuganda kama limefungwa kamba. Usiyatoboe ovyo. Pima presha ya ekzozi mbele ya masega kupitia tundu la sensa ya oksijeni kwanza. Nimeona mtu anatoboa masega mazima, kumbe kilichobanwa ni breki ya nyuma.

Naam, breki. Inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono. Hili huchukua dakika kumi na watu hawalifanyi.

Mwisho pima kompresheni ya kila silinda. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, simamisha mpango wa kutyuni. Injini yenye ringi zilizochoka haiongezewi mzigo.

Mdogo wangu aliishia hapa. Plagi nne, koili moja, eyakilina, throto ikasafishwa, na breki ya nyuma kushoto iliyokuwa imeng'ang'ania. Isamilo bado anapanda polepole kuliko alivyopanda vilima vya kule pwani, lakini amekubali kwamba hilo ni la mwinuko.

Hatua ya 3: Petroli na joto

Magari ya tabo ya Japani, kwa mfano Forester SG5 yenye tabo au Mark II ya 1JZ-GTE, yalipangiwa petroli ya kwao ya daraja la juu, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96 na pampuni hukaribia 100. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia presha bila kulipuka yenyewe. Mapu ya kiwandani ilitegemea hiyo. Ukiweka petroli yenye oktani pungufu, inalipuka yenyewe kabla ya wakati wake, na kontrolboksi inaanza kurudisha cheche nyuma ili kuokoa pistoni. Kwa hiyo gari la tabo lisilotyuniwa nalo linaweza kuwa linaendeshwa na kontrolboksi yenye hofu. Kwa magari haya, remapu ya kweli mara nyingi huanza kwa kuipangia mapu petroli unayonunua wewe, kabla ya kuongeza chochote.

Chagua kituo kimoja chenye mauzo ya haraka, ukae nacho wakati wote wa kutyuni. Na jambo moja la watu wa ziwani: petroli ya madumu kwenye mialo usiiguse. Injini nyingi za mitumbwi zinachanganyiwa oili ndani ya petroli, na muuzaji hakumbuki dumu lipi ni lipi. Niliishiwa mafuta nikitoka Rugezi kwenda Nansio, nikaweka lita tano za dumu. Gari lilitoa moshi wa bluu hadi kivukoni, na sensa ya kugonga, ile inayosikia petroli ikilipuka yenyewe, ikalalamika njia nzima. Oili kwenye petroli huishusha oktani na kuchafua plagi kwa mkupuo mmoja.

Upande wa joto, fungua boneti utazame rejeta na intakula (kipoza hewa itokayo kwenye tabo) kwa tochi. Sisi tuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi juu ya maji. Ukipita Kirumba au Pasiansi jioni wakiwa wametua, wanajaa kwenye kioo, na kwenye rejeta vilevile. Forester ina pua juu ya boneti inayopeleka upepo kwenye intakula, na pua hiyo inawameza kwa maelfu. Niliwahi kuitoa intakula yangu nikakuta nusu ya matundu yamezibwa na unga mweusi wenye harufu ya samaki waliooza. Nikaiosha kwa maji ya kawaida, si ya presha, kutokea upande wa ndani kwenda nje. Joto la hewa inayoingia lilishuka papo hapo, kabla sijafungua laptopu.

Hatua ya 4: Gia boksi kwanza, kontrolboksi baadaye

Wengi hugeuza mpangilio huu. Wanaongeza nguvu, wanafurahi miezi miwili, halafu gia oto inaanza kuteleza, na lawama anapewa Mjapani.

Gia boksi oto ni pampu ya hydroliki (oili yake nyekundu) na vishikio vinavyobana. Nguvu ikiongezeka, vishikio vinatakiwa kubana zaidi, na hydroliki inapata joto zaidi. Katika matumizi ya kawaida hukaa nyuzi 80 hadi 95. Ikipita 120 inaanza kuungua, na ukichovya kijiti unanusa harufu ya mkate ulioungua.

Pakua hydroliki ya zamani uidondoshee kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu iliyofifia ni ya kawaida. Kahawia yenye harufu ni uchovu. Ukiona chembe nyeusi kama masizi, hiyo ni ngozi ya vishikio, na gia boksi hiyo haitavumilia kutyuniwa. Weka aina iliyoandikwa kwa gari lako. IST za mwanzo zinatumia T-IV, Mark X ya GRX120 yenye gia sita inatumia WS, na gari la CVT, lenye gia boksi ya mkanda, lina hydroliki yake peke yake. Anayekwambia "hii inaingia zote" mwachie akaiweke kwenye lake.

Ukifungua nati ya chini, lita tatu tu hivi hutoka kwenye IST, nyingine inabaki kwenye tokyukonveta, kile kiungo cha hydroliki kati ya injini na gia boksi. Usitumie mashine ya kusukuma kwenye gia boksi iliyotelekezwa miaka mingi. Uchafu uliolala utaamka ukazibe valvu. Badilisha zile lita tatu, tembea wiki moja, rudia, mara tatu. Zile za WS zisizo na kijiti hupimwa injini ikiwa inawaka na hydroliki ikiwa kwenye nyuzi 40 hivi, kwa kuacha itiririke kwenye nati ya kipimo hadi ibaki matone. Ukipima ikiwa imechemka, utabaki na pungufu.

Wenye Subaru za gia nne, tafadhali. Kuna sehemu mbili za kumwaga, moja ya gia boksi na nyingine ya difu ya mbele, na kuna vijiti viwili vya kupimia. Fundi mmoja, jina naliacha, alimwaga oili ya difu akidhani ni hydroliki, kisha akaongeza lita nne kwenye gia boksi ambayo haikuwa imemwagwa. Difu kavu, gia boksi imefurika. Niligundua kwa bahati tu, nilipoona kilichotoka kwenye beseni ni kahawia kizito chenye harufu ya salfa badala ya chekundu chepesi. Hakikisha uko chini ya gari mwenyewe, beseni likiwa machoni pako.

Baada ya hapo funga kipoza cha nje cha hydroliki mbele ya rejeta, mfuatano ukiwa rejeta kwanza halafu kipoza. Kwa gari la kupanda milima yetu au linalovuta mzigo kwenda Sengerema au Geita, hiki kwa maoni yangu kinazidi remapu yoyote.

Tukija kwenye kutyuni gia boksi kwenyewe: vitu vinavyobadilishwa ni vinne, yaani presha ya hydroliki, mwendo wa kubadilisha gia, muda inaochukua kubadilisha, na lini tokyukonveta ijifunge isiteleze. Kwenye magari ya karibuni haya yanaandikwa ndani ya kompyuta ya gia boksi. Kwenye Wajapani wengi wa zamani tunaoendesha, kompyuta hiyo haifunguki kirahisi, kwa hiyo kazi hufanywa kwa vifaa vya kwenye mwili wa valvu, au injini yenyewe inapangwa ipunguze nguvu sekunde ile gia inapobadilika. Usitamani gia inayogonga mgongoni. Mbadiliko mkali kupita kiasi unaikosesha gia boksi usingizi kama vile mbadiliko mlegevu.

Hatua ya 5: Hifadhi ya kwanza

Soma mapu ya kiwandani uihifadhi: kwenye laptopu, kwenye flashi, na kwenye barua pepe yako. Betri iwe na chaja wakati wa kusoma na kuandika. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kontrolboksi inaweza kubaki tofali. Kwa Subaru, watu wengi hutumia EcuFlash na RomRaider, za bure, pamoja na waya wa Tactrix. Toyota nyingi za rika hilo hazifunguki namna hiyo. Hapo huwekwa kontrolboksi ya pembeni au kabisa ya kujitegemea, na gharama inapanda.

Anayekutyunia akikataa kukupa nakala ya mapu yako ya zamani, funga boneti uondoke.

Hatua ya 6: Rekodi, badilisha kimoja, rekodi tena

Sasa ndipo laptopu inapofunguka. Funga sensa ya oksijeni ya upana mkubwa, ile yenye saa yake. Sensa ya kiwandani kwenye magari mengi inajua tu petroli imezidi au imepungua. Haijui kwa kiasi gani, na ukikanyaga mpaka mwisho haikufai.

Rekodi safari ya msingi kabla ya mabadiliko yoyote. Mimi napenda kupanda kilima kimoja kile kile, tangi nusu, asubuhi kabla jua halijakaza, kwa gia ya pili, kutoka mizunguko 2,500 hadi 5,500. Mlima unakupa mzigo bila kukupa kasi. Lakini niseme wazi: ndani ya makazi sheria ni kilomita 50 kwa saa, na barabara ya Mabatini hadi Igoma siyo maabara. Ukipata gereji yenye dainamometa, mashine ya kupima nguvu za gari, lipa. Usipopata, tafuta eneo la faragha uliloruhusiwa. Mwenzako ashike laptopu, wewe shika usukani.

Anza na petroli. Injini ya tabo ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho ninaiweka kati ya 11 na 11.5 za hewa kwa moja ya petroli. Isiyo na tabo, 12.5 hadi 13. Ukiwa unatembea kawaida acha 14.7, usiiguse. Nozeli zisifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake; zikifika hapo umefika mwisho wake, nunua kubwa au ridhika.

Halafu taimingi, wakati wa kupiga cheche. Punguza kwanza digrii mbili au tatu sehemu ya mzigo mkubwa, kisha panda digrii moja moja. Kila unapopanda, pima muda wa kutoka 2,500 hadi 5,500 kwenye kilima kile kile. Muda ukiacha kupungua, rudi digrii moja hata kama haigongi. Kwenye Subaru kuna namba ya kizidishi inayokwambia kontrolboksi inaiamini petroli kiasi gani, 1 kamili kwenye za baadaye, 16 kwenye za mwanzo. Ikishuka, acha kila kitu utafute sababu. Kontrolboksi ikirudisha cheche nyuma digrii 1.4 mara moja, ukiachia na kukanyaga ghafla, navumilia. 2.8 inayojirudia pale pale kwenye mzigo, hapana.

Presha ya tabo ndiyo ya mwisho, na hapa ndipo lile deni. Kwenye hewa yetu nyepesi, tabo inazunguka zaidi ili kutoa presha ile ile ya pwani, na hewa inatoka ya moto zaidi. Kontrolboksi ya Subaru ina jedwali linalopunguza presha kadiri mwinuko unavyopanda, kwa makusudi. Wanaochukua mapu iliyotengenezwa pwani na kulifuta jedwali hilo "ili gari liwe kali" wanaiua tabo polepole.

Hilo ndilo lililonikuta. Jamaa alikuja na mapu kwenye flashi, alisema ni ya Forester kama yangu. Dakika ishirini, mkono kwa mkono. Gari lilipaa. Siku ya nne, napanda baada ya Nyashishi kuelekea Usagara, redio nimezima, nikasikia mtu anatikisa changarawe ndani ya kopo. Nikadhani ni kinga ya ekzozi imelegea. Nikaendelea hadi Misungwi. Ilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imevunjika pembeni, pale ringi zinapokaa. Mlio ule wa changarawe ni petroli inayolipuka yenyewe. Mafundi wengi wakisema injini "imenoki" wanamaanisha beringi zimekufa na chuma kinagonga chuma. Huu ni mwingine, mwembamba zaidi, na unakuja mapema kiasi cha kukupa nafasi. Ukiusikia, achia pedeli sekunde ile ile.

Hatua ya 7: Kilomita 500 za kwanza

Endesha kawaida. Waambie bima kwamba injini imebadilishwa, uwe na amani siku ya ajali. Oili ya injini badilisha mapema kuliko ulivyozoea, na kwa tabo usizime ghafla ukitoka kupanda mlima. Acha iungurume dakika moja.

Ukifika kilomita 500, nusa kijiti cha hydroliki, kisha fungua plagi zote, uzipange tena mezani kama mwanzo. Chukua kioo cha kukuzia, hata cha mwanafunzi, utazame kauri nyeupe. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi kavu, petroli imezidi. Ukiona vidoa vidogo vinavyometa kama chumvi iliyomwagika, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Chomeka waya, rudisha mapu ya zamani hapo hapo, kabla hujarudisha plagi ya kwanza.